Majina Yetu Kamili kwa Ajili ya Basi la Jumapili

Bi. Mumina Liban Aden, mgeni wetu wa heshima leo. Mheshimiwa Diwani Kirandeep, uliyeiacha Jumamosi yako ukaja kukaa nasi. Mwenyekiti wa Umoja wetu, Mzee Bulle. Katibu wetu, Mwalimu Mwinjuma. Viongozi wa msikiti na wa kanisa. Kina mama na kina baba. Ndugu zangu wa Kenya, Tanzania na Kongo mliohamia huku ughaibuni. Na ninyi watoto mliokaa sakafuni huko mbele, mnaoelewa kila neno na kujifanya hamwelewi: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za mchana.

Mwenyekiti alipoikagua orodha hii ya salamu jana, aliniita pembeni akaniuliza, "Kendi, tangu lini mtu asiye na cheo akamtangulia diwani?" Nikamwambia, "Mzee, soma tena jina." Akavaa miwani, akasoma, akanirudishia karatasi. "Mwache hapo hapo," akasema.

Mimi ndiye Kendi, karani wa Umoja huu kwa mwaka mmoja na nusu sasa. Wengi mnanijua kama yule msichana wa mezani anayeandika na hasemi. Ni kweli. Nimeiandika hotuba hii mara sita, na kama mnasikia karatasi zikichakarika, si upepo. Lakini leo nina furaha iliyoishinda hofu, nami naomba mnivumilie niieleze kwa utaratibu, kwa sababu nikianza na mwisho mtapiga vigelegele na hakuna atakayesikia yaliyobaki.

Tumekusanyika kufungua Meza ya Barua. Meza yenyewe ndiyo hii mnayoiona, yenye utepe. Ilikuwa meza ya kukatia nguo ya Fundi wetu, na ukiinama utaona bado ina alama za chaki. Kuanzia leo, kila Jumamosi baada ya adhuhuri, yeyote mwenye jambo atakaa hapa na mtu wa kumsaidia, naye ataandika kwa diwani wake, au kwa ofisi ya meya wa mkoa, au kwa mbunge wake. Mtauliza, je, hilo ni jambo la kufanyiwa sherehe na pilau? Barua si barua tu? Mimi pia ningeuliza hivyo, kabla ya Septemba iliyopita.

Mnakumbuka lile tangazo lililobandikwa kwenye kituo cha Stratford Road, kwamba kuanzia Oktoba basi la moja kwa moja la kwenda Northfield halitatembea tena Jumapili? Wengi wetu tulilisoma tukaendelea na safari zetu. Jumapili mtu hulala, au kanisa lake li karibu, au ana gari. Lakini alikuwepo miongoni mwetu mama mmoja anayetunza wazee katika nyumba moja kule Northfield, ambaye zamu yake ya Jumapili huanza saa moja kamili asubuhi. Ukipitia mjini na kubadilisha basi, Jumapili unafika saa mbili kasorobo. Teksi nayo ingekula kile kile alichokwenda kukitafuta.

Jumapili moja ya mvua, mchana, alikuja hapa kuniomba nimtolee nakala ya barua. Mkononi alikuwa na viatu vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki, na miguuni raba zilizolowa.

"Mama Iqra, mbona raba zimelowa hivi?"

"Za asubuhi hizo, mwanangu. Hazijakauka."

"Kwani ulikwenda na basi gani?"

"Basi la Mungu," akasema, akiniinulia mguu mmoja. "Halina foleni, halina tiketi. Saa kumi na nusu naondoka, saa moja kasoro dakika kumi niko mlangoni nabadilisha viatu."

Alicheka. Mimi sikuweza. Nikaitoa nakala aliyoitaka, na kwa kuwa karani hawezi kunakili asichokiona, nikaona: ilikuwa barua ya pili ya onyo kutoka kwa msimamizi wake, kwa siku alizochelewa. Ilisema kwamba asipoweza kuhakikisha anafika kwa wakati kila Jumapili kufikia mwisho wa Januari, zamu zake atapewa mtu mwingine. Kazi aliyoifanya miaka tisa, wazee waliozoea sauti yake, vyote vilining'inia kwenye basi moja.

Nililipeleka jambo hili kwa Mwenyekiti, na hapa ndipo tulipofanya kosa letu la kwanza, ambalo Mzee Bulle ameniruhusu kulitaja. Sisi tumefunzwa kwamba jambo kubwa hupelekwa kwa mkubwa. Mzee akauliza, "Mkubwa wa sehemu hii ni nani?" Tukamjibu, mbunge. "Basi mwandikie mbunge, na uandike kwa heshima."

Nikaandika kwa heshima. Ndugu wageni waalikwa, nakala ninayo bado, nami huisoma nikitaka kujiadhibu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu. Wa pili ulieleza historia ya Umoja wetu tangu ulipoanzishwa. Wa tatu ulimsifu mbunge kwa mambo ambayo sina hakika kwamba aliyafanya. Neno "basi" lilitokea kwenye ukurasa wa nne, mstari wa tatu kutoka chini.

Ofisi yake ilijibu baada ya wiki mbili, kwa upole kabisa. Ilituuliza ni nani kati yetu anaishi katika jimbo lake, kwani sikuwa nimeandika anwani ya mtu hata mmoja. Ikatueleza pia kwamba mabasi ya mkoa huu yanasimamiwa na ofisi ya meya wa mkoa, ambayo ilikuwa ikipokea maoni kuhusu safari za Jumapili, na kwamba ombi lenye majina ya wakazi lingepokelewa huko. Tulikuwa tumebisha mlango mzuri sana wa nyumba isiyohusika.

Basi nikaanza kukusanya majina. Mnaikumbuka harusi ya mpwa wa Mwenyekiti, mwezi wa Novemba? Nilikaa pale mlangoni na daftari. Kila aliyeingia nilimweleza, naye akasema, "Niandike, Kendi, niandike," akakimbilia chakula. Nami nikawaandika wote kwa mkono wangu, majina mia tatu na kumi na mawili, kwa mwandiko ambao mwalimu wangu wa shule ya msingi angeusifu. Nikaituma orodha ile kwa ofisi ya meya nikiwa na kiburi.

Ilirudi. Ofisi ilisema kwamba kati ya majina mia tatu na kumi na mawili, yale iliyoweza kuyatambua kuwa ya watu wanaoishi katika mji huu yalikuwa arobaini na moja. Walikuwa wanasubiri orodha iliyosahihishwa, na dirisha la maoni lingefungwa baada ya siku tisa.

Niliichukua orodha nikaisoma tena, safari hii kwa macho ya mtu asiyetujua. Mama Iqra, nyuma ya duka la nyama. Baba Ayanle, Ladypool Road, mlango wa kijani. Mama Charity, ghorofani. Baba Mdogo Kamau. Fundi. Mwalimu. Mwalimu mwingine. Shangazi wa Northfield. Mama Iqra tena, kwa sababu tunao wawili.

Naomba sasa niseme jambo ambalo Mwenyekiti analisikia leo kwa mara ya kwanza. Barua ile ya kurudishwa niliificha kwenye droo kwa siku tatu. Niliogopa. Nilijiambia labda kuna mtu atapiga simu aseme ilikuwa makosa. Kati ya siku tisa, tatu nilizipoteza mimi, na mama huyu alikuwa akihesabu Jumapili zake. Mzee, nisamehe. Na wewe pia, Bi. Mumina, nisamehe.

Siku ya nne nikaona heri aibu kuliko droo. Diwani wetu alikuwa na siku yake ya kuonana na wakazi pale maktaba. Nikapanga foleni nyuma ya bwana mmoja mwenye malalamiko ya mapipa ya taka, nikiomba Mungu malalamiko yake yasiishe. Iqra, wewe unayemnong'onezea Diwani tafsiri, hapa usitafsiri. Yaliisha. Nikakaa. Nikaanza, "Mheshimiwa, kwanza kabisa ninakuletea salamu za Mwenyekiti wetu, na za kamati yote, na..."

"Zimefika," akasema. "Una shida gani?"

Nikamsukumia orodha. Aliisoma taratibu, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na saba. "Hawa watu wapo kweli?"

"Wapo, Mheshimiwa. Nimekula kwao."

"Huyu, nyuma ya duka la nyama. Anaitwa nani?"

Mama yule alinipokea mwaka nilipofika hapa sina hata koti zito. Alinipikia nilipougua. Na mimi, karani, mtu wa majina, sikulijua jina lake. Nani aliyelelewa vizuri atamwuliza mtu wa rika la mama yake, "Hasa unaitwa nani wewe?"

Nilimweleza Diwani hivyo. Nilidhani atacheka. Akasema, "Kwetu Punjab bibi yangu aliitwa mama wa fulani mpaka siku aliyofariki. Naielewa heshima hiyo. Lakini, Kendi, kompyuta ya ofisi haikulelewa na bibi."

Kisha akachukua kalamu akanifundisha kwa dakika kumi mambo ambayo sikufundishwa kwa miaka mitatu ya chuo. Nitawapa kama alivyonipa. Jina lako kamili na anwani yenye postikodi, zile herufi na namba za posta za mtaa wako, viwe juu kabisa, maana kiongozi wa kuchaguliwa hutaka kwanza kujua kama wewe ni wa kwake. Ukurasa mmoja. Eleza mtu mmoja alifanya nini siku moja. Kama alitembea, sema alitembea. Mwambie unataka nini na unakitaka lini. "Na usinisifu," akasema, "bado sijafanya kitu." Taa za barabarani, taka, nyumba za kupanga za baraza la mji, benchi la kituo, njoo kwake. Basi lenyewe, mwandikie meya wa mkoa, naye diwani akuunge mkono kwa barua yake. Sheria za nchi na karatasi za uhamiaji, hapo ndipo kwa mbunge. Akaangalia saa. "Siku sita," akasema. "Kusanya majina."

Mlioitwa hapa Jumamosi ile mnajua kilichofuata, lakini wageni hawajui. Mwenyekiti alisimama akaeleza kwamba kila mtu aandike kwa mkono wake jina lililoko kwenye pasipoti.

Baba Ayanle ndiye aliyesema kilichokuwa moyoni mwa wengi. "Jina langu kwenye karatasi ya serikali la nini? Ili kesho nibishiwe hodi?"

Mwalimu Mwinjuma akamjibu kwa upole wake wa Kitanga. "Ndugu yangu, serikali hii inazo alama za vidole vyako vyote kumi tangu siku uliyotua. Wamficha nani?"

Watu walicheka, lakini hofu haiondoki kwa kicheko, mimi naijua. Tulisema wazi kwamba hakuna atakayelazimishwa, na kwamba kuomba basi si kosa katika nchi hii wala nyingine. Bado hakuna aliyeinuka. Niliishika kalamu nikiwa nimeinyoosha mbele kama mtu anayeomba maji.

Ndipo akasimama mama mmoja kutoka safu ya nyuma, akaja mpaka mezani. Hakuichukua kalamu kwanza. Aliwageukia ninyi.

"Mimi naitwa Mumina," akasema. "Mumina Liban Aden. Liban ni baba yangu, alikuwa na lori kule Garissa. Aden ni babu yangu. Tangu Iqra azaliwe hakuna anayeniita hivyo ila daktari na benki. Silalamiki, jina la mwanangu ni taji langu. Lakini anayetembea mpaka Northfield si mama wa mtu. Ni mimi. Lete kalamu."

Iqra, ulikuwa umekaa karibu na dirisha ukiangalia simu. Niliona ulivyoinua kichwa.

Ninyi wenyewe mnajua ilivyokuwa baada ya hapo, meza ilikaribia kupinduka. Kamau alikuja akilalamika, "Mnaniita Baba Mdogo na sina hata paka. Leo mtajua mimi ni Kamau wa Wanjohi." Fundi, ambaye kwa miaka kumi na mmoja amewashonea nguo za harusi bila mtu kumwuliza jina, aliishika kalamu kama sindano. "Mi naitwaka Dieudonné," akasema. "Angalia bien, muzuri, mama, ile jina baba yangu alinipa." Nikamwambia aliandike mwenyewe. Akaliandika polepole, akalipuliza wino. Hata Baba Ayanle alirudi kutoka mlangoni, akaandika, akanikazia macho: "Wakinibishia hodi, nitawaleta kwako." Baba Ayanle, miezi miwili imepita. Wamekuja?

Jioni ile tulihesabu majina mia mbili na sitini na nane, kila moja na anwani yake na postikodi yake, na juu yake ukurasa mmoja alioutunga Bi. Mumina mwenyewe, mimi nikiwa mwandishi tu. Mstari wa kwanza ulisema: "Jumapili iliyopita nilitembea saa mbili na dakika ishirini kwenda kuwaosha na kuwavisha wazee wanane." Tuliutuma kwa ofisi ya meya wa mkoa zikiwa zimebaki siku mbili. Diwani aliambatisha barua yake. Na watu sitini na wawili waliomwandikia mbunge wao, safari hii kila mmoja kutoka nyumbani kwake, walijibiwa ndani ya wiki moja kwamba naye ameandika kuunga mkono.

Kisha tukangoja. Desemba ikapita. Januari ikaanza kuisha. Bi. Mumina hakuwahi kuniuliza. Kila Jumapili alipita hapa na mfuko wake wa viatu, ananisalimu, anakwenda. Nani anajua uzito wa salamu ya mtu asiyeuliza?

Jana jioni Diwani alinitumia ujumbe. Nilikuwa nikichambua mchele wa pilau hii mnayoisikia ikinukia. Niliusoma mara nne, nikamwaga mchele, nikauokota, nikausoma tena. Wazazi wangu, ndugu zangu, kuanzia kesho basi la moja kwa moja la kwenda Northfield linarudi kila Jumapili, na la kwanza litapita kituo cha Stratford Road saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi!

Pigeni, pigeni vigelegele, nitangoja.

Asanteni. Sasa nimalize, kwa sababu karani mwaminifu husoma hadi mstari wa mwisho. Limerudi kwa majaribio ya miezi sita. Likitembea tupu, litaondolewa, na safari hiyo hakuna barua itakayoliokoa. Kwa hiyo wanaokwenda kanisani Northfield, acheni magari nyumbani walau Jumapili mbili kwa mwezi. Shangazi wa Northfield, sasa hatuna kisingizio cha kutokutembelea. Na wengine, njooni kwenye meza hii. Iko ngazi isiyopitika karibu na shule. Yapo makaratasi ya uhamiaji yaliyokwama mwaka mzima. Kila jambo lina mlango wake, na wenye milango hiyo tumewachagua sisi, au wamechaguliwa kwa niaba yetu, nao huandika majibu kwa watu wenye majina. Siwaambii muache kuitana Mama Fulani na Baba Fulani. Mimi mwenyewe sitaweza. Heshima yetu ibaki ndani ya ukumbi huu, na barua zetu zitoke nje zikiwa na majina yetu.

Mwenyekiti, Katibu, Mheshimiwa Diwani, Fundi Dieudonné kwa meza yako, na kina mama mlioko jikoni, nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu mpaka ukurasa huu wa mwisho. Mkasi wa utepe uko hapa, ni wa Fundi, amesema usitumike kukatia kitu kingine.

Imebaki bahasha moja. Ililetwa na posta leo asubuhi kutoka ofisi ya meya wa mkoa. Sikuifungua, kwa kuwa haikuandikiwa Umoja, wala karani, wala mama wa mtu yeyote. Juu yake pameandikwa Bi. Mumina Liban Aden, herufi zote zipo, na postikodi ni sahihi.

Bi. Mumina, kesho vaa viatu vyako vya kazi ukiwa nyumbani. Sasa njoo, uchukue barua yako.